Mdogo wangu yuko rumande: siku yake inakwendaje, na sisi wa nyumbani tufanye nini?

Swali: "Shikamoo mzee wangu. Mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 23, amewekwa rumande akisubiri kesi yake kwa sababu masharti ya dhamana hayajakamilika. Hajawahi kulala hata kituo cha polisi. Nilikwenda kumwona, nikarudishwa mlangoni nikaambiwa hesabu haijakaa sawa. Sikuelewa kitu. Naomba unieleze siku yake inakwendaje humo ndani, ni sheria zipi azishike ili asiingie matatani, na sisi tufanye nini. Ana pumu na anatumia dawa kila siku. Ana binti wa miaka sita anayemuulizia kila jioni. Nimpeleke akamwone baba yake au nisimpeleke?"

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimefanya kazi ya ustawi wa wafungwa na mahabusu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na maswali kama yako nimeyasikia kwa ndugu wengi waliosimama nje ya geti. Acha nianze na hilo lililokurudisha mlangoni, maana ukilielewa hilo, mengi ya humo ndani utayaelewa.

Mahali popote panapofungiwa watu, kazi ya kwanza ya askari ni kujua waliomo ni wangapi na kila mmoja yuko wapi. Kwa hiyo watu wanahesabiwa asubuhi kabla ya kufunguliwa, wanahesabiwa zamu zinapopokezana, wanahesabiwa jioni kabla ya kufungiwa, na usiku askari anapita tena na tochi. Kwenye ofisi ya zamu kuna ubao au daftari lenye mafungu yake: waliolala, waliokwenda mahakamani, walio hospitali, walioingia leo, walioachiwa. Kila askari analeta idadi ya chumba chake, zinajumlishwa, na jumla lazima ilingane na kilichoandikwa pale. Ikizidi mmoja au ikipungua mmoja, shughuli zote zinasimama. Chakula kinasubiri, wagonjwa wanasubiri, wageni wanasubiri getini, na watu wanahesabiwa upya tangu mwanzo. Mara nyingi kosa ni la maandishi tu: mtu amepelekwa zahanati na hakuna aliyeandika, au aliyehamishwa chumba kahesabiwa kote kuwili. Siku ile wewe ulikutana na hali hiyo. Kwa kawaida haina uhusiano wowote na mtu unayekwenda kumwona.

Basi uliza pale getini, kwa upole, hesabu za mchana hufanyika saa ngapi, na upange safari yako baada yake. Naye mdogo wako mwambie ajifunze mambo machache kuhusu hesabu, kwa sababu wageni wengi wa rumande hupata karipio lao la kwanza hapo. Asimame pale alipoelekezwa, asihame safu, asizungumze na jirani, aitike jina au namba yake kwa sauti inayosikika. Usiku asijifunike kichwa gubigubi. Askari anayepita na tochi anatakiwa aone mtu anayepumua, na akiona blanketi tu atamwamsha. Vijana wengi huona wanaonewa, lakini utaratibu huo umeokoa watu waliozidiwa usiku bila wenzao kujua.

Siku yenyewe huanza mapema, mara nyingi kabla jua halijachomoza. Taa zinawashwa, au zinaongezwa mwanga, kwa kuwa mahali pengi hazizimwi kabisa usiku. Watu wanakunja malazi, wanahesabiwa, wanafanya foleni ya maji na choo, wanasafisha chumba. Baada ya hapo chai au mlo wa asubuhi, kisha orodha zinasomwa: wa mahakamani, wa zahanati, wenye wageni, walioitwa ofisini. Waliobaki wanatoka uani au kwenye ukumbi wa pamoja. Mchana kuna mlo, kuna muda wa kufua na kuoga, wengine wanasoma, wengine wanacheza bao au karata mahali zinaporuhusiwa. Jioni hufika mapema mno kuliko uraiani. Mlo wa mwisho unaweza kuliwa jua lingali juu, watu wakahesabiwa wakafungiwa, na kuanzia hapo ni saa nyingi za kukaa ndani hadi kesho yake. Saa hizo ndizo ngumu. Mchana kelele na foleni humchukua mtu, lakini akifungiwa jioni mawazo ya nyumbani yanamjia yote kwa pamoja. Ukipata nafasi ya kumpelekea kitu kimoja kinachoruhusiwa, kiwe cha kumsaidia wakati huo: kitabu, au daftari na kalamu.

Siku ya mahakama ina ratiba yake peke yake, na ni vyema uijue ili usishtuke ukimwona. Anaamshwa kabla ya wenzake, anapekuliwa akitoka, anafungwa pingu, anasafirishwa pamoja na wengine, anasubiri mahabusu ya mahakama pengine siku nzima kwa ajili ya dakika chache mbele ya hakimu. Kesi inaweza kuahirishwa hivyo hivyo. Akirudi anapekuliwa tena, na mlo wa jioni pengine umepoa au umekwisha. Ukimwona mahakamani amechoka, hasemi, hata hakutazami vizuri, usidhani amekukasirikia. Anaweza kuwa hajala tangu alfajiri. Usimrushie kitu wala kumpenyezea chochote mkononi, hata pipi. Muombe askari anayemsindikiza, na akikataa, acha. Kitu kidogo ulichompa kwa huruma kinaweza kuandikwa kuwa kosa lake.

Sasa nije kwenye pumu, ambayo ndiyo imenigusa zaidi katika barua yako na ambayo ningependa uishughulikie leo, kabla ya mengine yote.

Mtu akipokelewa rumande, vitu vyake vinachukuliwa: simu, fedha, mkanda, kamba za viatu, vito, na mara nyingi dawa. Vyote vinapaswa kuandikwa kwenye orodha ambayo yeye mwenyewe anaitia saini, na kurudishiwa akitoka. Inhela, yaani kile kifaa cha kuvutia dawa ya pumu kwa mdomo, inaweza kabisa kuwa imelala kwenye bahasha ya mali zake wakati yeye anahema kwa shida chumbani. Viwango vya Umoja wa Mataifa vinasema dawa aliyokuja nayo mtu iamuliwe na daktari au mhudumu mwingine wa afya mwenye sifa. Askari wa mapokezi hana mamlaka ya kuamua peke yake. Kwa hiyo nenda na cheti au barua ya daktari wake wa siku zote, yenye jina la ugonjwa, dawa, kipimo na nyakati. Dawa iwe ndani ya pakiti yake ya asili yenye lebo. Iombe ipokelewe na zahanati ya gereza, na uandikishe siku, saa, na jina la aliyepokea.

Wenye pumu wengi wana inhela mbili: ya kuzuia, ambayo hutumiwa kila siku, na ya kutuliza, inayohitajika pale pale kifua kinapobana. Hii ya pili ndiyo haifai kufungiwa kabatini. Kifua kikibana usiku wa manane, milango imefungwa, na funguo ziko ofisi ya zamu, kila dakika ina thamani. Sehemu nyingi daktari wa gereza anaweza kuandika kibali mahabusu akae na inhela yake ya kutuliza. Omba kibali hicho kwa maandishi, na mwambie wakili naye aiombe mahakama iingize suala la afya kwenye kumbukumbu za kesi. Eleza pia kwamba moshi wa sigara na chumba kilichojaa humzidishia. Ombi la kuhamishiwa chumba chenye hewa ni la kiafya, asione aibu kulitoa.

Hapo hapo kwenye afya niseme jambo gumu. Saa na siku za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa zaidi ya mtu kujidhuru, hasa kijana ambaye hajawahi kufungiwa. Siku nyingine za hatari ni zile anazorudi mahakamani na habari mbaya. Kama mdogo wako aliwahi kujaribu kujidhuru, au alikuwa anatibiwa msongo wa mawazo, au ni mnywaji wa kila siku, waambie zahanati. Kukatiwa pombe ghafla kunaweza kumletea mnywaji mzoefu degedege na kuweweseka katika siku mbili tatu za kwanza, na watu hufa kwa hilo wakidhaniwa wanaleta fujo. Najua familia huficha haya kwa kuogopa yatamharibia kesi. Yasemeni kwa daktari.

Uliniuliza sheria. Ziko za aina mbili, zilizoandikwa na zisizoandikwa.

Zilizoandikwa anatakiwa apewe yeye mwenyewe anapoingia, kwa lugha anayoielewa, na kama hajui kusoma aelezwe kwa mdomo. Zinahusu hesabu, usafi, muda wa kulala, vitu vilivyokatazwa, kutotoka eneo moja kwenda jingine bila ruhusa, na kutii amri halali. Kama hajaelezwa, aombe. Akituhumiwa kuvunja sheria ya ndani, haki yake ni kuambiwa kosa gani, kusikilizwa, na kuadhibiwa kwa utaratibu uliowekwa, mara moja tu kwa kosa moja. Adhabu za kawaida ni onyo au kunyimwa fursa fulani kwa muda.

Kuna adhabu ambazo hazikubaliki popote kwa mujibu wa Kanuni za Nelson Mandela, ambazo ni viwango vya chini vya kuwatendea wafungwa vilivyopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 17 Desemba 2015. Toleo la kwanza la viwango hivyo ni la mwaka 1955, na lililofanyiwa marekebisho likapewa jina la Mandela kwa heshima ya mtu aliyekaa gerezani miaka 27. Kanuni ya 43 inakataza kupigwa, kuwekwa chumba cha giza, kupunguziwa chakula au maji ya kunywa, na kuadhibu kundi zima kwa kosa la mmoja. Kumtenga mtu peke yake saa 22 au zaidi kwa siku bila mawasiliano ya maana na binadamu wenzake hakuruhusiwi kuzidi siku 15 mfululizo. Hata hivyo nisikudanganye: kanuni hizo peke yake hazina nguvu ya sheria ya bunge, na hali halisi ya magereza mengi iko mbali nazo. Lakini nchi wanachama ndizo zilizozipitisha, mahakama huzitaja, na malalamiko yanayotaja kanuni kwa namba yake husomwa kwa uangalifu zaidi.

Katika kanuni hizo kuna sehemu inayomhusu mdogo wako moja kwa moja, ya 111 hadi 120, kwa watu ambao hawajahukumiwa. Huyu ni mtu anayehesabiwa hana hatia. Anapaswa kutengwa na waliohukumiwa, kuvaa nguo zake mwenyewe zikiwa safi na zinafaa, au akipewa sare iwe tofauti na ya wafungwa. Apewe nafasi ya kufanya kazi, ila asilazimishwe, na akifanya alipwe. Kufagia na kudeki chumba anacholala ni jambo jingine, hilo analifanya kila mtu. Anaweza kujinunulia vitabu, magazeti na vifaa vya kuandikia, na kutibiwa na daktari wake kwa gharama zake pale penye sababu ya msingi. Na kila aliyefungiwa, awe amehukumiwa au la, anastahili angalau saa moja ya mazoezi mahali pa wazi kila siku hali ya hewa ikiruhusu, kama kazi yake si ya nje. Saa hiyo asiiache. Nimeona vijana wakiikataa kwa sababu ya huzuni, wakabaki chumbani wiki nzima, na hali zao zikaporomoka haraka.

Zisizoandikwa atazisikia kwa wenzake, na hapa ndipo wengi huumia. Asikope kitu, hata sabuni, kwa sababu deni la ndani huzaa haraka na hulipwa kwa njia asizozitaka. Asicheze kamari. Asikae kwenye kitanda au godoro la mtu bila kukaribishwa. Asimuulize mtu amefanya kosa gani. Na yeye asisimulie kesi yake kwa yeyote, hata kwa rafiki anayeonekana mwema. Maneno ya rumande huweza kurudi mahakamani yakiwa mdomoni mwa shahidi. Nyaraka za kesi azihifadhi, asiwaachie wengine wazisome. Akiulizwa, ajibu kwamba wakili wake amemkataza, na hilo huheshimiwa.

Atakuta pia mnyapara, yaani mahabusu au mfungwa mwenzake anayepanga nani alale wapi na nani afagie. Kupanga zamu za usafi si tatizo. Lakini hakuna mfungwa anayepaswa kupewa mamlaka ya kuwaadhibu wenzake, Kanuni ya 40 iko wazi. Mnyapara akidai fedha ili mtu apate pa kulala, au akimpiga mtu, hilo ni la kulalamikia. Mdogo wako ana haki ya kutoa ombi au malalamiko kwa mkuu wa gereza kila siku, na kuzungumza na mkaguzi anapotembelea bila askari kuwepo. Akiogopa kulipiziwa, wewe au wakili mnaweza kulalamika kwa niaba yake. Andikeni tarehe, saa, mahali na kilichotokea, bila matusi na bila kukisia.

Jihadharini na jambo hili: familia nyingi hupigiwa simu na mtu wasiyemjua akisema ndugu yenu yuko hatarini, tuma fedha sasa hivi. Msitume. Pigeni simu ofisi ya gereza, au mwendeeni wakili, mhakikishe kwanza. Fedha zinazokubalika hupitia akaunti au kitabu cha mahabusu mwenyewe na hutolewa risiti.

Kuhusu mawasiliano, chukulia kwamba barua husomwa na simu zaweza kurekodiwa. Zungumzeni habari za nyumbani na afya yake. Mambo ya kesi yabaki kati yake na wakili, ambaye maongezi yao yanaweza kuonwa na askari lakini hayapaswi kusikilizwa. Mpangieni siku maalumu ya kumtembelea na mnayoweza kuitimiza. Ni bora kila wiki mbili bila kukosa kuliko kumwahidi kila Jumamosi halafu akae anasikiliza majina ya wengine yakisomwa. Andika namba yake ya mahabusu kwenye kila barua na kila kifurushi, ulizia orodha ya vitu vinavyoruhusiwa kabla ya kununua, na nenda na kitambulisho chako. Mavazi yawe ya heshima na yasiyofanana na sare ya askari wala ya wafungwa. Simu iache nyumbani au mahali pa kuhifadhia. Kama siku ya ziara mmegombana nyumbani, au kuna deni limezuka, usimpelekee. Hana la kufanya kulihusu, na atalala nalo.

Mwisho, binti yake. Mimi ningempeleka, lakini si kesho. Kwanza nenda wewe, uone chumba cha wageni kikoje, kama mnatenganishwa na kioo au wavu, na kama mtoto ataweza kumshika baba yake mkono. Muulize mdogo wako kama yuko tayari. Wengine huhitaji muda kabla ya kuonwa na watoto wao katika hali ile. Kisha mwambie mtoto ukweli wa saizi yake: baba yuko mahali ambapo watu wakubwa wanasubiri hakimu aamue jambo, hawezi kutoka mpaka aruhusiwe, hayupo huko kwa sababu yako, na anakupenda. Usimwambie amesafiri. Mtoto wa miaka sita atasikia shuleni, na atakuwa na maumivu mawili badala ya moja. Mweleze pia atakachokiona njiani: geti, askari, mlango unaofungwa kwa sauti, na kwamba mtakapoondoka baba atabaki. Muda wa ziara ni mfupi, hivyo apeleke mchoro au daftari la shule la kuonyesha kama linaruhusiwa, wasije wakakaa wanatazamana.

Getini mtapekuliwa, naye mtoto pia. Upekuzi wa mtoto uwe wa juu ya nguo, wewe ukiwa umesimama karibu naye. Upekuzi wa sehemu za siri haupaswi kufanywa kwa mtoto kabisa. Ukiombwa kuukubali, kataa, acha ziara ya siku hiyo, mchukue mtoto, na upeleke malalamiko yako kwa mkuu wa gereza kwa maandishi siku hiyo hiyo.